Gari inawaka inapotaka: ujipimie mwenyewe, umpe fundi umeme, uipeleke kwenye mashine au ubadilishe spea tu?

Gari iliyokufa moja kwa moja haina shida sana, tatizo limekaa palepale linasubiri, fundi akija analikuta. Yenye kazi ni ile inayowaka Jumatatu, Jumanne asubuhi inagoma, mchana inawaka yenyewe, afu inakaa wiki mbili imetulia mpaka unasahau, halafu siku unawahi mgeni stendi ya Nzuguni ndo inakumbuka. Ukiipeleka gereji inawaka stata moja tu, fundi anakuangalia kama mzazi aliyeleta mtoto mwenye homa ya kukwepa shule.

Yangu mimi ni Toyota IST, ilinisumbua toka mwisho wa Mei mpaka Agosti, na kwenye hiyo miezi nimepita karibu njia zote ambazo watu huwa wanashauriana hapa Dodoma. Kuna wa "nunua mita ujipimie", kuna wa "mpelekee fundi umeme", kuna wa "kapime kwa mashine", na kuna wa "bana wee badilisha betri tu ukalale". Kila kundi linaapia njia yake na kila njia imeshamlia mtu hela. Naziweka hapa moja moja kwa vigezo vilevile, maana iliyonisaidia mimi inaweza isikusaidie wewe hata kidogo, inategemea gari yako inagoma vipi, unakaa wapi na una muda kiasi gani.

Kwanza, inagoma vipi?

Hii usiiruke. Watu wanasema "gari haiwaki" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe kuko kugoma kwa aina tatu na ukizichanganya hata fundi mzuri unampoteza.

Aina ya kwanza unawasha, injini haizunguki kabisa. Ni kimya, au tik moja, au tik-tik-tik-tik za harakaharaka. Tik za haraka huku taa za dashibodi zinafifia, mara nyingi umeme haufiki wa kutosha, anza na betri na temino zake (vile vishikizo vya waya vinavyobana nguzo za betri). Tik moja nzito afu kimya na taa ziko vizuri, hapo inashukiwa stata yenyewe (mota inayozungusha injini ili iwake) au waya mnene unaoilisha. Kwenye stata nyingi za Toyota kuna vipande vya kopa ndani vinavyogusana ili umeme mkubwa upite, vinalika taratibu, kuna siku vinagusana na kuna siku havigusani, ndo maana unawasha mara ya tano inakubali. Kimya kabisa na taa zinawaka freshi, na gari ni otomatiki, weka N badala ya P ujaribu tena. Ikiwaka kwenye N ushapata pa kuanzia, ile swichi ya kwenye gia inayozuia gari isiwake ukiwa kwenye D imeanza kuchoka.

Aina ya pili injini inazunguka vizuri, nguvu ipo, ila haishiki. Hapo betri iache kwanza. Ni mafuta, ni moto wa plagi, ni sensa, au ni ule mfumo wa kuzuia wizi unaosoma chipu ya kwenye ufunguo. Ukiweka ufunguo ON kabla ya kupiga stata, magari mengi utasikia pampu ya mafuta inavuma nyuma kama sekunde mbili. Siku ikigoma hiyo sauti ipo au haipo? Na kitaa cha ufunguo kwenye dashibodi kinazimika kama kawaida au kinapepesa?

Ya tatu ni ile ya uvivu, wuu... wuu... wuu, unaiombea. Nayo inarudi kulekule kwa betri, nyaya na stata.

Afu jua ni lini. Inagoma asubuhi tu? Ikiwa ya moto tu, yaani umesimama kununua zabibu dakika kumi ukirudi haiwaki, ikipoa inawaka? Ikilala siku tatu? Baada ya kupita barabara ya vumbi yenye mashimo? Sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka) ikianza kufa mara nyingi inagoma ikiwa ya moto na inarudi ikipoa. Kitu kinachonyonya umeme usiku kitakugomea baada ya gari kulala. Waya uliolegea hauna ratiba.

Nimepima kwa vigezo gani

Vitano. Gharama, na ninamaanisha pamoja na ile ya kurudia mara ya pili. Je, njia hiyo itakuwepo gari ikigoma, na kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka hiki kwangu kina uzito kuliko vingine vyote, maana huwezi kupima homa iliyoshuka. Inaona nini na haioni nini. Inaweza kuharibu au kukosea wapi. Na inamfaa nani.

1. Kujipimia mwenyewe kwa mita na daftari

Gharama: mita ya kawaida ya dijitali mimi niliipata kwa elfu 25 mjini, ongeza spana namba 10, msasa, na daftari la mtoto lililobaki kurasa. Gharama kubwa ni muda, na kuchafuka.

Itakuwepo ikigoma? Hapa ndo inazishinda zote. Wewe ndo unakuwepo saa 12 asubuhi gari ikigoma nje ya geti lako, fundi yuko kwake amelala. Mita ikikaa kwenye boksi ya gari unapima palepale kabla ugonjwa haujaondoka.

Inaona nini: umeme wa upande wa betri, stata na chaji inauona vizuri mno. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 12.0 iko taabani. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji vizuri. Kuna kipimo kingine ambacho watu wengi hawakijui na ndicho kilichoniokoa, kupima umeme unaopotea njiani. Unaweka mita kwenye volti, waya mweusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, sio ile temino iliyoikumbatia, waya mwekundu kwenye chuma cha injini, mtu anapiga stata. Waya wa ethi (ule mweusi mnene wa hasi, kutoka betri kwenda kwenye bodi na injini) ukiwa mzima mita inasoma kidogo sana, 0.2 au 0.3 hivi. Ikisoma zaidi ya hapo umeme unapigana na kutu badala ya kuzungusha stata.

Yangu ilikuwa Jumamosi asubuhi, ile baridi ya Julai yenye upepo, vidole vimekufa ganzi. Nimemuita dogo wa jirani akae kwenye usukani.

"Washa."

Tik.

"Bro imegoma."

"Najua, usitoe mkono, rudia."

Tik. Mita ikasoma 1.8. Nikafikiri nimeshika vibaya, nikasogeza waya mwekundu, nikamwambia rudia, 1.8 tena. Betri ilikuwa haijafikisha hata miezi miwili toka itoke dukani (nitafika huko), mita inasema iko 12.6. Nikaufuata ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na giaboksi, juu mpira wake mzima kabisa, ila pale ulipofungwa kwenye bolti ukiukunja unasikia kama unakunja majani makavu. Ndani nyuzi zimeshaliwa zimekuwa unga wa kijani.

Inapokosea: mita inadanganya asiyeijua. Waya uliobaki na uzi mmoja ukiupima bila mzigo unasoma volti 12 safi kabisa, ukiupa kazi unakufa, ndo maana lazima upime wakati stata inapigwa. Pia kwa aina ya pili ya kugoma, ile ya kuzunguka bila kushika, mita inakuishia mapema, sensa na mfumo wa ufunguo vinataka vifaa vingine na uzoefu. Na kuna hatari: usikae na pete au saa ya chuma karibu na betri, usikae mbele ya gari mtu akipiga stata, breki ya mkono juu, gia P.

Inamfaa nani: mwenye subira, anayekaa na gari mwenyewe, gari ikiwa ni ya kimya au tik. Sio lazima uwe fundi. Hata usiponunua mita, lile daftari peke yake lina thamani. Mi nilikuwa naandika tarehe, saa, baridi au moto, imelala muda gani, sauti gani, taa zilifanyaje, na nilifanya nini ikawaka. Mistari 11. Tisa ilikuwa kabla ya saa 2 asubuhi, miwili baada ya kutoka barabara mbovu. Bila ile karatasi ningekuwa naapa kwamba inagoma "muda wowote".

2. Fundi umeme wa mtaani

Namsema fundi umeme, sio makanika wa injini. Watu wanachanganya, wanampelekea mtu wa saspensheni ugonjwa wa umeme, naye kwa aibu ya kukataa kazi anaanza kufungua.

Gharama: ya kuangalia tu huwa mnaelewana, mara nyingi ndogo, wengine wakikufahamu hawachaji mpaka wapate tatizo. Kinachopanda ni spea na kurudi. Uliza kabla: nikirudi na tatizo lilelile nalipa tena?

Itakuwepo ikigoma? Nusu. Gereji yake iko kwake, gari ikifika imeshapoa hasira. Lakini wengi wako na bodaboda, ukimpigia anakuja ulipo, na huyo anayekuja na begi lake mgongoni ana thamani kuliko mwenye gereji ya vigae. Njia nyingine ni kumuachia gari ilale kwake, kama inagoma asubuhi basi aipige stata yeye mwenyewe ikiwa ya baridi.

Inaona nini: fundi mzuri anaona kwa sikio. Niliyempata mimi ni mzee mmoja wa Kigogo, nimefika nimemsalimia shikamoo, akaitikia marahaba akaongeza mbukwa, salamu ya Wagogo, hajagusa gari, kaniuliza maswali yaleyale ya daftari. Nilipompa karatasi akacheka, akasema "kijana wangu, kazi umeshamaliza, mi nifunge waya tu." Testa yake ni ya balbu, na usiidharau, balbu inanyonya umeme kidogo kwa hiyo waya mbovu unajisaliti kwa taa kuwa hafifu, jambo ambalo mita inaweza kulikosa. Stata anaifungua hapohapo, anakuonyesha kaboni zilivyoisha na kopa zilivyolika, anabadilisha vipande badala ya kukuuzia stata nzima.

Inapokosea: wako wengine kipimo chao ni cha hatari. Akitaka kuchomoa temino ya betri huku injini inanguruma eti aone kama oltaneta inachaji, mzuie kwa adabu, mwambie "fundi hapana, tumia mita". Gari za zamani zilivumilia, hizi zenye kompyuta ule umeme ukiruka unaweza kuunguza kontroli. Kingine ni kuungaunga, waya unakatwa unapitishiwa kwingine na tepu nyeusi, leo inawaka, baada ya mwaka mmoja umeme wa gari yako umekuwa kama kiota na hakuna fundi mwingine atakayeuelewa.

Inamfaa nani: gari inayogoma kwa kimya, tik au uvivu, na mwenyewe huna muda au hutaki kuchafuka. Pia aliyeko nje ya mji, Bahi, Kongwa, Chamwino, Mpwapwa, ambako mashine ya kupimia iko mbali lakini fundi umeme hakosekani.

3. Kupima kwa mashine

Hapa nazungumzia gereji yenye skana inayochomekwa chini ya usukani, au kile kidude cha kuchomeka mwenyewe kinachoongea na simu kwa Bluetooth.

Gharama: mimi nilitoa elfu 30 kupimiwa, nimesikia watu wametoa zaidi na wametoa chini ya hapo. Muda ni mfupi, dakika kumi umeshapewa majibu. Uliza mapema kama hiyo hela ni ya kusoma kodi tu (zile namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inaziandika) au na kutafuta chanzo, maana ni kazi mbili tofauti kabisa.

Itakuwepo ikigoma? Yenyewe haipo, lakini ina kitu ambacho nyingine hazina, kumbukumbu. Kompyuta ya gari ikiona sensa imepotea inaandika kodi, na kodi inaweza kukaa hata kama sasa hivi gari inawaka vizuri. Kwa hiyo jamani USICHOMOE betri kabla ya kwenda kupima, kuna watu wanachomoa "ili kuirisiti", wanafuta ushahidi wote afu wanalipa hela kuambiwa hakuna kitu.

Inaona nini: upande wa sensa na mafuta iko vizuri sana. Rafiki yangu mwenye Noah, inazunguka haishiki, ikiwa ya moto tu, akipumzika nusu saa inawaka. Ameshabadilisha plagi, ameshabadilisha pampu ya mafuta. Mashine ikatoa P0335, hiyo ni saketi ya sensa ya krenki, wakabadilisha sensa na tatizo likaisha. Angejipimia kwa mita kama mimi angezeeka nayo. P0340 ni ndugu yake, sensa ya kamu. Skana nzuri pia inaonyesha data zikitembea, unaona wakati wa kupiga stata kama kompyuta inasoma mzunguko wa injini au inasoma sifuri.

Isichoona: temino iliyolegea, waya wa ethi uliooza, kopa za stata zilizolika, mara nyingi haviandiki kodi yoyote. Mimi jibu langu lilikuwa "bosi gari yako haina tatizo", na kwa mujibu wa mashine alikuwa sahihi, nilitoka nikiwa na furaha, kesho yake saa 1 asubuhi tik.

Inapokosea: kodi inakwambia saketi yenye shida, haijakwambia nunua sensa. P0335 inaweza ikawa sensa, plagi ya waya iliyoingia vumbi, au waya uliochubuka. Fundi wa mashine anayesoma kodi na kuandika oda ya spea bila kugusa waya hana tofauti na njia ya nne hapo chini, tofauti ni kompyuta tu. Na vile vidude vya bei rahisi vya Bluetooth, gari nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani kwenyewe miaka ya mwanzo ya 2000 zinaweza zisiongee navyo kabisa, jaribu cha mwenzako kabla ya kununua chako.

Inamfaa nani: gari inayozunguka haishiki, taa ya cheki injini imewaka au iliwahi kuwaka, au kitaa cha ufunguo kinapepesa. Pia kwa gari za kuwasha kwa kitufe, ambazo kuna mambo mengi kati ya kidole chako na stata, mpaka swichi ya taa za breki ikifa gari inaweza kukataa kuwaka.

4. Kubadilisha spea na kuona

Njia hii inatukanwa sana na wengi wanaoitukana wameshaitumia. Na mimi nimo.

Gharama: kuanzia bure mpaka mshahara. Bure kweli, kwa mfano rilei ya stata (kiswichi kidogo kinachojiwasha kwa umeme), kwenye boksi ya fyuzi mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana nayo kabisa, unazibadilishana nafasi, angalia namba zilizoandikwa juu zilingane. Jirani yangu mwenye Passo alimaliza tatizo lake hivyo, kazi ya dakika mbili. Ufunguo wa akiba pia ni bure, ukiwasha nao wiki nzima na gari haijagoma basi chipu ya ule mwingine ndo mgonjwa. Betri unaweza kuazima kwa mtu siku moja. Ukishafika kwenye kununua ndo hesabu inageuka.

Itakuwepo ikigoma? Haihitaji, ndo utamu wake. Unafunga unasubiri.

Inaona nini: haioni kitu, inapapasa. Na shida yake kubwa kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka ni kwamba hujui umepona au umepewa likizo. Mimi Juni nilinunua betri mpya, gari ikatulia wiki mbili na nusu, nikawa nawashauri watu wote kazini "ni betri hiyo, badilisha". Kumbe wakati fundi anafunga betri alizitikisa nyaya, ule waya mbovu ukakaa vizuri kidogo, ndo likizo yenyewe. Betri ya zamani ilikuwa nzima, nimempa shemeji anatumia kwenye sola mpaka leo.

Inapokosea: spea za mtumba. Unatoa stata yako iliyochoka unafunga ya mtumba iliyochoka kidogo pungufu, ikigoma tena baada ya mwezi unaanza kuamini stata haikuwa tatizo. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja pia hutajua kipi kilisaidia, kama unapapasa basi papasa kimoja kimoja.

Inamfaa nani: kitu cha kuazima au kubadilishana bure, kila mtu. Kununua, ni pale ambapo spea yenyewe ilikuwa inafika mwisho hata kama si yenyewe inayogomesha. Betri ya miaka minne kwa joto la huku, hasa ile Oktoba na Novemba gari imeshinda juani kule Mtumba, Mji wa Serikali, hakuna hata mti, hiyo imekula chumvi yake, joto ndo linaua betri na baridi ya Juni inakuja kutangaza msiba tu. Hapo ukinunua hujapoteza. Ila kaipimishe kwanza kwa mzigo, wauza betri wengi wana kile kipimo.

Sasa wewe je

Kama inagoma kwa tik au kimya na uko mjini, Kisasa, Nkuhungu, Area C popote, anza na njia ya bure leo jioni: temino. Zishike kwa mkono, zikizunguka zimelegea. Zikiwa na ule unga mweupe au wa kijani mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa, kaza. Jaribu N. Badilishana rilei. Ikiendelea, wiki moja ya daftari, afu fundi umeme na karatasi yako mkononi. Mashine iache.

Inazunguka haishiki, hasa ya moto, nenda kwenye mashine kabla hujanunua hata plagi, na betri isichomolewe.

Kama unaendesha safari fupifupi, Kisasa mpaka Majengo sokoni na kurudi, taa, redio, feni ya baridi vyote viko on, inawezekana hakuna kibovu ila betri haipati muda wa kujaa. Ipime asubuhi kabla ya kuwasha, siku tatu mfululizo. Ikiwa chini ya 12.4 kila siku, ipeleke safari ndefu au ichajiwe, afu upime tena. Ikishuka tena wakati gari imelala tu, kuna kitu kinanyonya, mara nyingi ni vitu vilivyoongezwa kama alamu, redio au kifaa cha kufuatilia gari, na hiyo ni kazi ya fundi umeme, gari iliyolala isinyonye zaidi ya miliampea 50 hivi.

Unasafiri keshokutwa, Dar au Singida au Iringa, na bado hujui tatizo? Hapa sitakukataza kupapasa kwa hela. Ya tik, mpe fundi umeme afungue stata na akague nyaya zote mbili nene leo hii, na ubebe nyaya za kubusti. Ya moto isiyoshika, mimi nisingesafiri nayo, ikizimika katikati ya Gairo na Kibaigwa usiku hakuna daftari litakalokusaidia.

Gari ya familia inayoendeshwa na watu watatu, daftari halitafanya kazi, kila mtu ataandika lake. Peleka kwa fundi ilale kwake.

Na kama imegoma sasa hivi na uko kwenye maegesho unasoma huku jua linakuchoma: usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi, ipumzishe nusu dakika. Kama ni otomatiki msiisukume, haitawaka. Washa taa kubwa, piga stata, ona kama zinakufa au zinabaki vilevile. Rekodi sauti kwa simu, sekunde chache tu, hiyo ndo utakayomchezea fundi gari ikijifanya nzima. Tikisa temino, weka N, jaribu tena. Ikiwaka usiizime njiani hata kwa kununua vocha, nenda nayo moja kwa moja ikazimwe kwa fundi.